Muulize Mama Urari: Faili limeingia, hesabu zimekataa

Mwezi huu barua zimekuja na ugonjwa mmoja. Watu wanahamisha hesabu zao, kutoka Excel kwenda programu ya mtandaoni, kutoka taarifa ya simu kwenda leja, kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Wanabonyeza, kompyuta inasema imefanikiwa, nao wanakwenda kunywa chai. Nimechagua barua sita na kuzifupisha, majina nimeyaacha mezani kwangu. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mtunza vitabu wa Tanga, na jina la Mama Urari nilipewa na vijana wa ofisini niliokuwa nawazuia kwenda nyumbani mpaka pande mbili zilingane.

*Shikamoo Mama. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Mauzo tangu Januari nilikuwa naandika kwenye Excel. Majuzi nimejiunga na programu ya hesabu ya mtandaoni, nikaingiza faili langu. Imekubali sehemu, imekataa sehemu. Hata iliyokubali siiamini: saruji niliyouza Machi naiona Mei, na Desemba ambayo haijafika tayari ina mauzo! Tena namba za simu za wateja zote zimepoteza sifuri ya mwanzo. Nikae nirekebishe moja moja?*
— Muuza saruji na nondo, Mwanza

Marahaba mwanangu. Usirekebishe hata moja.

Wewe uliandika 05/03 ukimaanisha tarehe 5 Machi, kama sote tulivyofundishwa shuleni. Programu yako imewekwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku, kwa hiyo imesoma Mei 3. Ile 12/03 yako ndiyo iliyozaa Desemba. Ikifika 13/03 inatafuta mwezi wa kumi na tatu, haiuoni, inakataa. Hebu angalia mistari iliyokataliwa: yote itakuwa ya kuanzia tarehe 13 ya mwezi.

Jana usiku nilikosa usingizi nikapiga hesabu yake. Mwaka wa siku 365 una siku 221 za aina hiyo, za kukataliwa. Zinabaki 144. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zitakazokaa mahali pake, yaani 1 Januari, 2 Februari, 3 Machi na kuendelea hadi 12 Desemba, kwa sababu hata ukizigeuza ni zile zile. Siku 132 zilizobaki zinaingia kimya kimya kwenye mwezi usio wake. Hizo ndizo ninazoziogopa mimi. Mstari uliokataliwa unakupigia kelele papo hapo, lakini huu uliopokelewa vibaya unatulia kama mgeni mstaarabu hadi siku ya ritani. Na kama umesajiliwa VAT, unajua mwenyewe kwamba ritani ya mwezi TRA wanaitaka ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Saruji ya Machi ikionekana Mei, ritani mbili zimeharibika.

Kwa hiyo ufute mzigo wote ulioingia. Programu nyingine zina kitufe cha kutengua uingizaji mzima. Kama yako haina, na kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza, fungua kampuni upya ndani ya programu hiyo hiyo, utapoteza nusu saa tu. Kisha rudi kwenye Excel uigeuze safu ya tarehe isomeke mwaka, mwezi, siku: 2025-03-05. Ni mtindo wa kimataifa unaoitwa ISO 8601, na programu haina pa kuuchanganya. Wakati unageuza, tazama tarehe zimeegemea upande gani wa kisanduku. Tarehe ambayo Excel inaitambua kuwa tarehe huegemea kulia. Iliyoegemea kushoto, kama hukuipanga hivyo mwenyewe, ni maandishi tu yaliyovaa nguo za tarehe, na haitageuka hata ukiibembeleza. Hizo ziandike upya.

Ukurasa wa kuingizia data pia mara nyingi hukuuliza unatumia mtindo gani wa tarehe. Watu hupita pale kama abiria anavyopita kituo kisicho chake. Shuka hapo, chagua. Halafu ingiza mistari mitano tu kwanza, mmoja uwe na tarehe iliyozidi 12 na mmoja isiyozidi, uende kuiangalia ilikokaa. Ikiwa sawa ndipo upeleke iliyobaki.

Sasa sifuri. Excel ikiona 0754 na kuendelea hudhani ni kiasi, na kiasi hakianzi na sifuri, basi inaikata. Wajanja huandika kwa kuanza na 255. Hapo namba inakuwa ya tarakimu 12, na Excel inakuonyesha kitu kama 2.55754E+11. Ukihifadhi CSV (faili la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma) katika hali hiyo, kilichoonekana ndicho kinachoandikwa, na wateja wako ambao namba zao zinaanza sawa wote wanapata namba moja. Namba za malipo ya serikali, zile za kumbukumbu zenye tarakimu 12, zinapata ajali hiyo hiyo. Namba ya NIDA ndiyo mbaya zaidi: ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu katika namba. Ukiiandika bila vistari, tano za mwisho zinageuka sifuri na hakuna wa kuzirudisha.

Dawa ni kutofungua faili la CSV kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda sehemu ya Data, chagua kuleta kutoka faili la maandishi au CSV, na inapokuuliza kila safu ni ya aina gani, zile za simu, namba za utambulisho na namba za bidhaa uziambie ni maandishi. Tena, hukuuliza lakini nakuona unaelekea huko: ondoa koma kwenye fedha. Katika CSV koma ndiyo ukuta wa chumba. Ukiandika 1,250,000 bila kuifungia ndani ya alama za kunukuu, milioni yako inagawanywa vyumba vitatu, na kwenye mauzo utasoma shilingi 1.

*Hujambo Mama Urari? Mimi nauza vipodozi. Kila jioni naandika mauzo ya siku kwenye programu ya hesabu. Kila mwisho wa mwezi naitoa taarifa ya M-Pesa ya till yangu na ya benki, naigeuza kutoka PDF kuwa CSV, napakia. Ripoti ya faida sasa inasema nimeuza karibu maradufu ya ninavyojijua. Mke wangu ameiona na anauliza pesa ziko wapi.*
— Muuza vipodozi, Likoni, Mombasa

Sijambo, mwanangu. Mwonyeshe mkeo ukurasa huu kabla ya chakula cha usiku.

Umeuza mara moja, umeandika mara mbili. Jioni unaandika mauzo ya shilingi 14,000. Mwisho wa mwezi taarifa ya M-Pesa inaleta tena zile 14,000 zikiwa vipande vipande vya wateja, nawe kila kipande unakiambia programu ni mauzo. Mstari wa taarifa ya simu au ya benki ni ushahidi kwamba pesa imefika, basi. Mauzo yalikwisha kuandikwa yalipofanyika. Programu inapokuletea mistari ile huwa inakupa njia mbili: kuongeza muamala mpya, au kuulinganisha na muamala uliopo. Wewe umekuwa ukibonyeza ya kwanza kwa sababu iko karibu zaidi na kidole.

Chagua mlango mmoja wa mauzo. Kwenu Kenya mauzo yanatakiwa kupita eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, kwa hiyo mlango umekwisha kuchaguliwa: mauzo yaingie kwa ankara, na taarifa ya simu ibaki mlango wa pesa. Unapoandika mauzo ya jioni, sehemu iliyolipwa kwa till ielekeze kwenye akaunti uliyoipa jina la till hiyo. Mwisho wa mwezi chukua malipo yote ya tarehe fulani, yalinganishe kwa pamoja na lile andiko moja la jioni. Siku ambayo hayalingani ndiyo ya kukaa nayo. Labda mteja alilipa saa sita kasoro dakika usiku, labda kijana wa dukani alisahau kuandika. Mimi siku kama hizo nilizipenda, maana ndizo zilizonifundisha nani dukani ana mkono mrefu.

Kuna tundu jingine. Ukitoa 80,000 kwenye till kwenda benki, taarifa ya M-Pesa itaonyesha zimetoka na taarifa ya benki itaonyesha zimeingia. Ukipakia zote mbili na kuiachia programu ikisie, upande wa benki utakuwa mapato. Hilo ni hamisho kati ya mifuko yako mwenyewe, liandike hivyo.

Na nadhani, kwa jinsi ulivyoniandikia, kuna miezi unatoa taarifa ya tarehe 1 hadi 31 na mingine unatoa ya siku 30 zilizopita. Siku zikilaliana, miamala inaingia mara mbili. Mafaili ya benki ya aina ya OFX yana kinga: kila muamala hubeba kitambulisho chake, na programu ikikiona tena inaukataa. CSV haina kinga hiyo yenyewe. Wengine wakigundua marudio hukimbilia Excel na kufuta kila mstari wenye namba ya risiti iliyojirudia. Ngoja! Katika taarifa ya M-Pesa makato ya muamala huandikwa mstari wa peke yake, lakini kwa namba ya risiti ile ile ya muamala wenyewe. Ukifuta kwa kufuata namba ya risiti pekee, umefuta gharama zako zote za mwezi, na faida inapanda tena. Linganisha namba ya risiti pamoja na maelezo na kiasi.

Kabla ya kupakia, chukua salio la mwanzo kwenye taarifa, ongeza jumla ya zilizoingia, toa jumla ya zilizotoka. Lazima upate salio la mwisho lililochapishwa. Ukishapakia, akaunti ya till kwenye programu nayo iseme salio hilo hilo kwa tarehe hiyo hiyo.

Kuhusu kugeuza PDF: kwa mwenye till ya biashara, jaribu kwanza kutafuta faili la CSV au Excel badala ya PDF. Kama ni PDF tu, Excel ya Microsoft 365 kwenye Windows inaweza kusoma majedwali yake baada ya kuiondoa neno la siri. Zile tovuti za "badilisha PDF bure" usizipe taarifa yako. Imejaa majina na namba za wateja waliokuamini, na hujui nani yuko upande wa pili.

*Shikamoo Mama. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Baada ya kuingiza orodha ya wanachama, kila jina lenye ng' limeharibika. Ng'wandu amekuwa Ngâ€™wandu. Na wengine wanaonekana mara mbili, mmoja ana deni na mmoja hana.*
— Karani, Simiyu

Marahaba. Kwenye kanda yako hiyo ni nusu ya chama, pole.

Faili limeandikwa kwa utaratibu unaoitwa UTF-8 na limesomwa kwa utaratibu wa zamani wa Windows. Herufi za kawaida hazidhuriki, lakini ile alama ya ritifaa iliyopinda, inayokaa kwenye ng', inafumuka kuwa alama tatu. Unapohifadhi kutoka Excel chagua aina iliyoandikwa CSV UTF-8, na unapoingiza uchague UTF-8 tena.

Hao pacha ni jambo jingine. Mkono mmoja ulipiga alama iliyonyooka, mwingine ukapiga iliyopinda, au simu iliipinda yenyewe. Kwetu ni jina moja, kwa kompyuta ni watu wawili. Badilisha zote ziwe zilizonyooka kwa kutafuta na kubadili, kisha mpe kila mwanachama namba yake na uiambie programu imtambue kwa namba hiyo. Jina libaki la kumwitia mkutanoni. Waliokwisha kugawanyika usimfute yeyote kabla ya kuhamishia deni lake kwa mwenzake.

*Mama, faili la mauzo ya duka letu la dawa kila nikilitoa linaishia mstari wa 65,536. Tumeuza zaidi ya hapo.*
— Msomaji, Morogoro

Unahifadhi kwa Excel ya zamani, ile yenye jina linaloishia na .xls. Hapo ndipo mwisho wa karatasi yake. Aina mpya, .xlsx, inafika mistari 1,048,576, na CSV yenyewe haina kikomo, ila ukiifungua kwa Excel kikomo kinarudi. Usijisikie mjinga. Mwaka 2020 kule Uingereza wagonjwa 15,841 wa Korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba kwa sababu ya faili la .xls lililojaa. Toa mauzo yako mwezi kwa mwezi.

*Shikamoo Mama Urari. Nina kiwanda kidogo cha uchapaji. Nimehamia programu mpya mwezi Januari. Niliingiza ankara zote ambazo wateja walikuwa hawajalipa hadi Desemba, jumla milioni 9.3. Kisha nikaingiza urari wa 31 Desemba, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote, kama mwongozo ulivyosema. Sasa wadaiwa wanasomeka milioni 18.6, mauzo ya Januari ni makubwa ajabu, na VAT inayodaiwa imepanda. Ankara nimezikagua moja moja na ni sahihi.*
— Mchapaji, Arusha

Marahaba mwanangu. Nakuamini kwamba ni sahihi. Na urari wako najua nao ni sahihi. Vitu viwili sahihi vimeingia nyumba moja, vyote vimebeba deni lile lile.

Ankara moja ikiingia kwenye programu hufanya kazi mbili kwa mpigo: inamdai mteja, na inasema umeuza. Ulipoziingiza, wadaiwa wakawa milioni 9.3. Ulipoleta urari, ndani yake kulikuwa na mstari wa wadaiwa wenye milioni 9.3 hizo hizo. Mauzo ya mwaka jana nayo yamezaliwa upya Januari kwa sababu uliziingiza kwa tarehe ya siku uliyokaa kwenye kompyuta. Na kwa kuwa ulizipa alama ya VAT ya asilimia 18, programu inataka uilipe tena kodi uliyokwisha kuitangaza mwaka jana.

Yaliyokupata yamenipata. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa na duka moja la jumla hapa Tanga, tajiri amenunua kompyuta ya kwanza na ana haraka ya kuiona ikifanya kazi. Nikaingiza orodha ya wadaiwa kutoka kwenye disketi. Katikati mashine ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikaingiza tena, ikamaliza. Hakuna kosa lililoonekana. Jioni ile tukachapa barua za kudai, nzuri, zenye nembo. Siku ya tatu akaja mzee mmoja mwenye duka Pangani, amepanda basi la alfajiri, ameshika mfuko wa rambo. Hakunigombeza. Alikaa, akaufungua ule mfuko, akapanga stakabadhi zake mezani moja baada ya nyingine kama anayegawa karata, mwishowe akasema: "Binti, mimi sukari nilikopa mara moja." Mashine ilikuwa imeingiza karibu nusu ya orodha kabla ya kuganda, kisha ikaingiza yote. Nusu ya wateja wetu wa pwani walikuwa wamepokea barua za madeni maradufu. Barua za kuomba radhi niliziandika kwa mkono, kompyuta sikuitaka tena wiki ile.

Tangu siku hiyo siingizi faili lolote bila kuandika kwanza kwenye karatasi mistari ni mingapi, jumla ya fedha ni kiasi gani, na tarehe ya kwanza na ya mwisho ni zipi. Faili likiingia, nasoma upande wa pili. Neno "imefanikiwa" kwenye kioo silihesabu.

Kwako wewe, rudi kwenye hali ya kabla ya kuingiza. Ankara ziingize kwa tarehe zake halisi za mwaka jana, ili umri wa kila deni usomeke vizuri. Kiasi kiwe kamili, pamoja na VAT iliyokuwemo, lakini usizipe alama ya VAT, na badala ya akaunti ya mauzo zielekeze kwenye akaunti ya bakaa anzia, yaani ya masalio ya kuanzia. Kisha andaa urari wa 31 Desemba uufanyie badiliko moja tu: mstari wa wadaiwa milioni 9.3 usiupeleke kwenye wadaiwa, upeleke kwenye bakaa anzia, upande ule ule wa debiti. Ankara zitakuwa zimeikrediti akaunti hiyo milioni 9.3, urari utaidebiti milioni 9.3, itabaki sifuri. Kama kuna wauzaji karatasi na wino unaowadai au wanaokudai, ankara zao zifanye vivyo hivyo kwa upande wao.

Sifuri ninayosema ni sifuri kamili. Ikibaki shilingi 40,000, usiikandamize kwenye "gharama nyingine". Kuna ankara moja iliyolipwa nusu, ukaiingiza nzima. Karibu siku zote ndiyo hiyo.

*Mama Urari, shikamoo. Nina duka la vifaa vya ofisi na shule. Mfumo wa hesabu ninaoutumia nalipia kila mwezi, mkataba unaisha mwisho wa mwezi ujao na sitaki kuendelea nao. Nimeomba data zangu zote, wenye mfumo wamenipa PDF ya kurasa 600 na kitu wanachokiita bakapu. Nimepewa kila kitu au sijapewa?*
— Muuza madaftari, Dodoma

Marahaba. Umepewa picha ya ugali. Itunze, lakini haitakushibisha.

PDF inafaa kuonyesha, haifai kuhamisha. Bakapu nayo, kwa mifumo mingi, hufunguka kwa programu ile ile iliyoitengeneza. Ya QuickBooks ya kompyuta inamtaka QuickBooks, haimjui mwingine. Siku ukiondoka na usipoweza tena kuingia kwenye mfumo wao, utakuwa umebeba kufuli bila ufunguo.

Waandikie, kwa barua pepe si kwa simu, uombe leja kuu yote tangu siku ya kwanza, kwa CSV au Excel, kila muamala na tarehe yake, namba ya hati, akaunti, maelezo, debiti na krediti. Omba orodha ya akaunti, ya wateja, ya wauzaji, na ya bidhaa zikiwa na idadi na gharama zake. Ankara ziombe kwa mistari yake ya ndani, siyo jumla tu, maana mteja akija kubishana kuhusu katoni za karatasi za A4 jumla haitakusaidia. Mara nyingi haya yote yako kwenye mfumo wenyewe, sehemu ya ripoti, kuna kitufe cha kutoa kwenda Excel, na hata anayepokea simu zao hajui. Kayatafute mwenyewe usiku mmoja kabla ya kugombana.

Kuna vitu ambavyo kwa kawaida havisafiri hata na mwenye mfumo mwaminifu. Picha za risiti ulizoambatisha hubaki nyuma, na alama za miamala uliyokwisha kuisuluhisha na benki, yaani kuilinganisha na taarifa yake, nazo, pamoja na kumbukumbu ya nani aliandika nini na nani akakibadilisha. Picha zipakue ziwe kwenye folda za mwezi kwa mwezi. Ripoti za usuluhishi wa benki zichape. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na afisa wa TRA akija mwaka wa nne hatauliza ulikuwa unatumia mfumo wa nani.

Watu huniuliza kama wahamishe historia yote kwenye mfumo mpya. Mimi nasema hapana, na najua wauzaji wa mifumo hawanipendi kwa hilo. Hamisha bakaa anzia na ankara ambazo hazijalipwa, kama nilivyomwambia mchapaji wa Arusha hapo juu. Miaka iliyopita ikae kwenye mafaili yake, kwenye flashi mbili na sehemu moja ya mtandaoni, flashi moja isikae dukani. Kuibeba miaka mitano yote ni kubeba na makosa yake, na kila hamisho huongeza jipya.

Faili la leja likifika, lifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine uone kama linafunguka. Kisha jumlisha safu yote ya debiti, jumlisha safu yote ya krediti. Zikilingana, na urari wa mwisho uliochapwa kutoka kwenye mfumo ukikubaliana nazo akaunti kwa akaunti, lipa deni lao la mwisho uondoke. Zisipolingana, warudishie siku hiyo hiyo, na mimi uniandikie, ila nitumie jumla tu, faili libaki kwako. Fanya hivyo mkataba ukiwa hai, bado wanapokea simu.